Ubuyu wa Kongwa kwenye magazeti ya Uholanzi: namna ya kutuma taarifa kwa majukwaa ya kule

Kabla hujalipia jukwaa lolote la kusambaza taarifa kwa vyombo vya habari vya Uholanzi, jibu swali moja: mwandishi wa kule akipiga simu saa nne asubuhi kwa saa zao, nani ataipokea, na ataongea lugha gani? Kama jibu lako ni "atapiga ofisini Dodoma, tutamtafuta mkurugenzi", funga kompyuta. Hela itapotea hata jukwaa liwe zuri namna gani.

Nafanya kazi ya mawasiliano hapa Dodoma, ofisi yangu iko Area D, na wateja wangu wengi ni vikundi na viwanda vidogo vyenye mnunuzi au mfadhili Uholanzi. Zabibu, alizeti, asali, ubuyu. Zamani nilikuwa afisa habari wa halmashauri, kwa hiyo ile "Ndugu Wanahabari" naweza kuiandika usingizini. Mfano nitakaoutumia ni wa akina mama wa Kongwa wanaosaga unga wa ubuyu, na mnunuzi wao wa Utrecht anayeuza vyakula asilia madukani. Wote wawili walitaka habari itoke Uholanzi. Hakuna aliyetaka kulipa wakala wa mawasiliano wa kule. Ikabaki mimi na laptop.

Mtu wa simu tulimpata kwa mnunuzi: dada mmoja wa ofisini kwake, Mholanzi, anayeujua ubuyu kwa sababu ndiye anayefuatilia mzigo ukishuka bandarini Rotterdam. Tukakubaliana jina lake na namba yake ya mkononi ndivyo vikae mwisho wa taarifa, na langu lifuate kwa wanaoweza kuongea Kiingereza. Mama Mwenyekiti wa kikundi naye alijua siku ya kutuma, simu imejaa chaji, mtandao umeshakaguliwa, maana pale kijijini ukiingia nyuma ya ghala unapotea. Mwandishi wa Uholanzi hachapishi taarifa kama ilivyo akaiweka jina lake. Anapiga kuhakikisha, anatafuta maneno ambayo mwenzake hana, na akikosa mtu anahamia habari nyingine bila kukuaga.

Soko lenyewe

Uholanzi ina watu takriban milioni 18 na magazeti mengi kwa majina, lakini wenye nyumba ni wachache. Kampuni mbili za Ubelgiji ndizo zinazoshika sehemu kubwa. DPG Media ina de Volkskrant, Trouw, Het Parool, AD na tovuti ya NU.nl. Mediahuis ina De Telegraaf, NRC na magazeti kadhaa ya mikoani kama De Limburger na Leeuwarder Courant. Het Financieele Dagblad, gazeti la biashara, liko pembeni na kampuni yake. Kwa redio na televisheni kuna NOS upande wa umma na RTL upande wa binafsi, na chini yao vituo 13 vya mikoa. Mikoa ni 12, ila Zuid-Holland ina vituo viwili.

Hili lina maana kwenye orodha yako. Habari ikiingia kwenye gazeti moja la nyumba fulani inaweza kutokea kwenye mengine ya nyumba hiyohiyo, kwa hiyo ukituma kwa madawati sita ya kampuni moja, umewasumbua watu sita wanaokula meza moja. Mmoja anatosha, mradi awe ndiye.

Na ukiwa unachagua kwenye jukwaa, angalia sana kisanduku cha lugha. Ukibonyeza "waandishi wa lugha ya Kiholanzi" utavuta na Wabelgiji wa Flanders. Lugha ni hiyohiyo, soko ni jingine kabisa: wana shirika lao la habari, Belga, wana redio na televisheni yao ya umma, VRT, na habari ya duka la Utrecht haiwahusu ndewe wala sikio. Chagua nchi, si lugha.

Kwa ubuyu wetu sikugusa magazeti ya kitaifa. Nilianza na pale bidhaa itakapouzwa: RTV Utrecht, dawati la Utrecht la AD, na DUIC, chombo cha mji huo kinachofuatilia hata duka jipya la mtaani. Kisha nikaenda kwa waandishi wa fani: VMT, linalosomwa na watu wa viwanda vya chakula, na OneWorld, linaloandika mambo ya ulimwengu na haki. Ingekuwa zabibu mbichi za Hombolo ningeanza na AGF.nl, ambako wauza matunda na mboga wa Uholanzi hupitia kila siku. Ingekuwa habari ya visiki hai (kuotesha upya miti kutoka kwenye visiki vyake) na makinga maji ya Dodoma, miradi ambayo wakfu wa Justdiggit wa Amsterdam umeifanya na LEAD Foundation ya hapa kwetu, hapo waandishi wa mazingira wa magazeti makubwa wangekuwa na haki ya kupata barua yangu.

Orodha nzima haikujaza ukurasa. Wateja hawapendi kusikia hivyo. Wanataka kuambiwa taarifa imekwenda kwa waandishi elfu mbili. Waambie elfu mbili hao wana kitufe cha kufuta.

Jukwaa gani

La kwanza la kulijua ni la ANP, shirika la habari la Uholanzi lililoanza mwaka 1934. Lina huduma ya kulipia iitwayo ANP Persportaal: unapakia taarifa, unalipa, nayo inafika mahali ambapo vyumba vya habari tayari vinatazama kutwa nzima. Inabaki na alama kwamba ni taarifa ya mtumaji, si habari iliyoandikwa na ANP. Kwa hiyo ikitoka, usikimbilie kwa bosi na "ANP wametuandika". Hawajakuandika, umelipia nafasi. Inafaa kwa jambo la kitaifa: kampuni imefunga, ripoti kubwa imetoka, waziri wao anakuja. Habari ya unga wa ubuyu Utrecht haina sababu ya kumfikia mhariri wa michezo aliyeko Groningen, ndiyo maana sikuitumia.

La pili ni kundi la programu za kupanga waandishi na kuwatumia barua pepe: Prezly ya Leuven, Ubelgiji, na za Amsterdam kama pr.co na Presspage. Hapa unalipia usajili. Unapata ukurasa wako wa habari wenye taarifa, picha na nembo, sehemu ya kuhifadhi majina, na barua inayotoka kwa jina lako ikionekana imeandikwa na mtu. Kwa mtu mwenye habari tatu nne kwa mwaka na wanunuzi wa Ulaya, nashauri aina hii. Soma vizuri kama usajili ni wa mwezi au wa mwaka, na kumbuka bei za biashara kule mara nyingi huonyeshwa kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwao ni asilimia 21. Malipo ni kwa kadi, na benki zetu nyingi huzuia malipo ya mtandaoni ya nje mpaka uombe yafunguliwe. Fanya hivyo wiki moja kabla, usije ukawa kaunta ya benki siku ya kutuma.

PR Newswire, Business Wire na GlobeNewswire, huduma za kimataifa za kusambaza taarifa, hutumiwa sana na kampuni zenye hisa sokoni zinazolazimika kutangaza matokeo yao. Kama hauko kwenye soko la hisa, pita. Tovuti za kubandika taarifa bure nazo pita. Watu huzitumia wakidhani viungo vitawapandisha Google, na Google ilishasema tangu mwaka 2013 kwamba viungo vya namna hiyo ni ujanja isioupenda.

Taarifa yenyewe

Hapa ndipo sisi wa Dodoma tunapoumia, kwa sababu tumelelewa na taarifa za serikali. Rasimu ya kwanza niliyoletewa na kikundi ilianza hivi:

"Mkuu wa Wilaya amewapongeza wanawake wajasiriamali kwa jitihada zao za dhati za kuchangamkia fursa za masoko ya kimataifa, katika hafla iliyohudhuriwa na viongozi mbalimbali wa chama na serikali."

Kwa gazeti la hapa, sawa. Kwa mhariri wa Utrecht hakuna habari hapo: hajui nani anafanya nini, lini, na kinamhusu vipi. Tulipogeuza ikawa:

"Kuanzia Machi, maduka ya vyakula asilia ya Utrecht yatauza unga wa ubuyu uliookotwa, kukaushwa na kusagwa na wanawake wa wilaya ya Kongwa, katikati ya Tanzania."

Na kichwa kwa Kiholanzi: Baobabpoeder uit Dodoma vanaf maart in Utrechtse winkels, yaani unga wa ubuyu wa Dodoma kuanzia Machi katika maduka ya Utrecht. Herufi kubwa mwanzoni na kwenye majina tu. Usikoleze kila neno kama bango la mkutano. Mkuu wa Wilaya alibaki, heshima yake ipo, aya ya nne.

Umbo wanalolizoea ni ukurasa mmoja. Juu unaandika Persbericht (taarifa kwa vyombo vya habari), kisha kichwa, mji na tarehe, aya ya kwanza yenye kila kitu, aya mbili tatu za maelezo, maneno ya mtu mmoja au wawili. Chini kabisa unaweka sehemu iitwayo Noot voor de redactie (maelezo kwa wahariri), ambayo si ya kuchapishwa: nani apigiwe, namba, picha ziko kwenye kiungo gani, nani anaweza kuhojiwa na kwa lugha gani. Hapo ndipo niliweka pia kwamba unga wa tunda la mbuyu uliruhusiwa kuuzwa Umoja wa Ulaya mwaka 2008, maana mwandishi wa VMT lazima aulize.

Tarakimu zitakuchongea usipokuwa macho. Waholanzi hutumia nukta pale tunapoweka mkato, na mkato pale tunapoweka nukta. "Kilo 1,500" yetu mhariri wao anaweza kuisoma kilo moja na nusu, andika 1.500. Ekari hawaijui, geuza kuwa hekta. Shilingi geuza kuwa euro na useme ni kiwango cha tarehe ipi.

Halafu sifa za ubuyu. Sote tumekua tukiambiwa unaongeza damu, unasafisha tumbo, unatibu hiki na kile. Usithubutu. Ulaya ina kanuni ya mwaka 2006, namba 1924, kuhusu madai ya afya kwenye vyakula, na dai lisiloruhusiwa linamwingiza matatani mnunuzi wako, anayesimamiwa na mamlaka yao ya chakula, NVWA. Mama Mwenyekiti alinuna kidogo tulipotoa sentensi ya "dawa ya asili". Tukaweka badala yake jinsi wanavyoligonga lile ganda gumu na kupembua unga na mbegu, na ikawa ndiyo sehemu ambayo mwandishi aliulizia zaidi.

Tafsiri: programu ya kutafsiri ikusaidie rasimu, ila lazima Mholanzi aipitie. Dada wa Utrecht aliturudishia yetu ikiwa fupi kuliko tulivyompa. Alifyeka kila neno la kujisifu. Niliacha hivyohivyo.

Kuingiza majina na kutuma

Fungua akaunti, kisha kabla ya kitu chochote ingia kwenye mipangilio na ubadilishe saa za akaunti ziwe za Amsterdam. Kompyuta yako ya Dodoma itakuwa imejaza yenyewe saa za Nairobi au Dar es Salaam. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba sisi tuko mbele yao kwa saa moja. Miezi mingine ni saa mbili. Taarifa ya kutolewa saa tatu asubuhi kwao mwezi Februari inatoka saa tano kwetu. Wao wataiandika 09.00 uur, na ndivyo uiandike hata kwenye makubaliano yako na kikundi, kwa sababu "saa tatu" ya kwenye WhatsApp kila mtu ataielewa kivyake. Kama kuna zuio la kuchapisha kabla ya muda fulani, liandike juu kabisa: embargo, siku, tarehe, saa.

Majina nayo yana vituko. Mtu anaitwa, tuseme, Jan van der Berg. Kwenye jedwali la Kiholanzi hilo ni safu tatu: jina la kwanza, kile kipande cha katikati, na jina la ukoo, na kwenye orodha atapangwa kwenye B. Ukilipakia jedwali la safu tatu kwenye fomu ya safu mbili, barua itakwenda na salamu ya "Beste van der", yaani "Mpendwa van der". Jambo dogo, lakini anayeipokea anajua papo hapo kwamba ni mashine. Pia faili la Excel likitoka kwa Mholanzi likiwa CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi tupu), mara nyingi limetenganishwa kwa nukta-mkato (;) badala ya mkato, na jukwaa litalisoma kama safu moja ndefu. Badilisha kitenganishi wakati wa kupakia.

Barua itoke kwenye anwani ya kikoa chako (domain), iwe .co.tz au .or.tz. Usiweke anwani ya Gmail kama mtumaji ndani ya jukwaa. Itaonekana ya kughushi. Jukwaa litakupa mistari ya kuongeza kwenye mipangilio ya kikoa, inayojulikana kwa majina SPF, DKIM na DMARC, ya kuthibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Mpe kijana anayekutunzia tovuti, ni kazi ya dakika chache. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti haya, na bila hiyo mistari taarifa yako inaweza kuishia kwenye barua taka ukiwa unashangaa kimya cha waandishi.

Picha usiambatishe. Ziweke kwenye ukurasa wako wa habari, kubwa za kuchapwa gazetini, na chini ya kila moja nani yumo, wapi, nani kapiga, na kwamba inaruhusiwa kutumika bila malipo. Kila mama aliyeonekana alisaini karatasi ya ridhaa baada ya kusomewa kwa Kiswahili na kufafanuliwa kwa Kigogo. Mmoja alikataa, tukamwondoa. Wahariri wa kule wanaichoka picha ya Mwafrika anayetazama chini. Tuliyoiweka mbele ni ya kinu cha kusagia, vumbi jeupe limejaa hewani na mikono miwili inashika gunia.

Ninapenda kutuma Jumanne hadi Alhamisi, asubuhi yao mapema. Tazama kalenda mbili kwa pamoja. Sikukuu yetu ya Muungano ni 26 Aprili na kesho yake, 27, kwa kawaida wao wana Siku ya Mfalme, hakuna mtu ofisini. Mei Mosi sisi tumepumzika, kwao ni siku ya kazi, na simu zitalia. Jumanne ya tatu ya Septemba bajeti yao inasomwa, usiguse. Julai na Agosti vyumba vya habari vina watu wachache, ila habari nazo ni chache, na jambo dogo linapata nafasi ambayo Novemba lisingeipata. Ndiyo maana habari za Nane Nane kutoka Nzuguni zisidharauliwe.

Baada ya kubonyeza

Subiri, kisha piga simu kwa wale wawili watatu ambao habari ni yao hasa. Apige Mholanzi wenu. Swali ni moja: unahitaji chochote cha ziada? Wakikataa watakwambia "hapana, haitufai" mbele ya uso wako na kukata. Usichukulie vibaya, kwao huo ndio ustaarabu, na wiki ijayo atapokea tena. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp usimtumie mtu usiyemjua. Na nauli: hapa kwetu tumezoea kwamba mwandishi akija kwenye tukio kuna bahasha. Kule usiitaje hata kwa utani. Hata kumwomba mwandishi akuonyeshe makala kabla haijatoka ni jambo la kuuliza kwa staha. Anaweza kukuruhusu kukagua maneno yako uliyonukuliwa, si zaidi.

Mtu akiomba aondolewe kwenye orodha, mwondoe siku hiyohiyo, na kwenye nakala za Excel ulizosahau kwenye flashi pia. Sheria ya Ulaya ya taarifa binafsi, wao huiita AVG, inatumika tangu 25 Mei 2018 na mnunuzi wako yuko chini yake moja kwa moja. Yetu ya mwaka 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023. Orodha ya waandishi niliyojengea kazi ya ubuyu siwezi kuihamishia kwa mteja wa alizeti kwa sababu tu nimeishika.

Ripoti ya jukwaa itakuonyesha wangapi wamefungua barua. Usiiamini sana. Tangu mwaka 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kuzifungua yenyewe kabla mwenye simu hajaiona, hivyo asilimia inapanda bila msomaji. Mimi natazama nani amebonyeza kiungo cha picha, maana asiyetaka kuandika hapakui picha. Kisha weka arifa ya Google kwa maneno ya Kiholanzi, "baobabpoeder" na "Dodoma", na mwombe mtu wa Utrecht akutazamie magazeti, kwani makala nyingi ziko nyuma ya malipo na ukiwa huku utaona kichwa tu. Akikutumia picha ya ukurasa, mwonyeshe mteja; usiibandike nzima Facebook, makala ni mali ya gazeti.

Mwezi ukiisha na huna habari nyingine karibuni, sitisha usajili. Kabla hujasitisha, pakua majina, majibu waliyokupa na maelezo uliyoandika pembeni ya kila mmoja, kwa sababu akaunti ikifungwa navyo vinaweza kwenda. Kisha angalia ukurasa wako wa habari utabaki hewani au la: kama hautabaki, hamishia taarifa na picha kwenye tovuti ya kikundi na mjulishe mwandishi aliyeweka kiungo.